Kwakoa na Taveta: Majibu kwa Wanaosema Pikipiki za Umeme Si Zetu

Kila zinapotajwa pikipiki za umeme, watu wa Upare huambiwa wasubiri. Kwakoa, kata ya Wilaya ya Mwanga iliyo chini ya milima kuelekea mpaka wa Kenya, huonekana iko pembezoni mno. Mimi naona kinyume: ujirani na Taveta, mji wa Kenya ng'ambo ya mpaka, ndio mtaji wake. Hoja nne za kuwakatisha watu tamaa zinastahili majibu.

"Hizo ni za mjini." Kweli zilianzia mjini: kampuni ya Ampersand ilianza Kigali mwaka 2019, na kampuni ya Roam hutengeneza zake Nairobi. Lakini kijijini ndiko bodaboda inakobeba mgonjwa, mwalimu na gunia la mahindi. Mwaka 2025 lita ya petroli ilicheza karibu na shilingi 3,000, ilhali uniti ya umeme wa TANESCO kwa mteja wa kawaida haikufika shilingi 400. Betri ni ghali, ndiyo maana kampuni kadhaa huikodisha: dereva huacha iliyokwisha, huchukua iliyojaa na kuendelea na safari.

"Mlima utaishinda betri." Tupige hesabu. Pikipiki, dereva na mzigo, jumla kilo 250, vikipandishwa mita 1,000 vinahitaji uniti 0.7 kwa kunyanyuliwa tu. Ongeza upotevu wa mota na msuguano wa barabara, unapita uniti moja. Betri nyingi za bodaboda hubeba uniti mbili hadi tatu. Safari inawezekana, linalotakiwa ni kituo cha kubadilishia betri huko juu, si bondeni pekee.

"Umeme wetu hukatika." Hukatika, na anayelalamika ana haki. Lakini kituo huchaji betri za akiba umeme unapokuwepo, hasa usiku, hivyo dereva hasimami kila unapozimika. Tena, Machi 2025 Serikali ya Tanzania ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu umeme unaotoka mbali kusini hupotea kwa kiasi njiani. Kama nishati yenyewe inaweza kuvuka mpaka, huduma inayoitegemea nayo inaweza.

"Forodha itaiua biashara." Hapa tahadhari inahitajika. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Holili na Taveta kinafanya kazi tangu 2016, na utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huwasaidia wafanyabiashara wenye mizigo isiyozidi dola 2,000. Lakini utaratibu huo unahusu bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Betri iliyotengenezwa Asia haipati nafuu hiyo. Basi tuanze na kisichotegemea nafuu hiyo: mafunzo ya mafundi, matengenezo, na mkataba wa ushirika wa bodaboda kuendesha kituo kwa niaba ya kampuni ambayo tayari ina uzoefu Kenya.

Yapo mambo mawili ya kudai leo. Kwanza, Jumuiya ina sheria ya viwango tangu 2006. Itumike kukubaliana ukubwa na plagi za betri, ili dereva asifungwe na kampuni moja. Pili, Halmashauri ya Mwanga na Kaunti ya Taita-Taveta zikae meza moja kupanga vituo vya pande zote mbili. Zikichelewa, vijana wa Kwakoa watabaki wanunuzi wa huduma ambayo wangeweza kuiuza.