Mlango Mmoja kwa Mtoto

Twasikia watu wakisema ya kwamba dawa ya mateso ya watoto ni serikali kuunda wakala mpya, utakaoshughulika na watoto na jamaa zao tu. Sisi wa Gongoni, hapa Tabora, hatulikatai neno hilo. Lakini twalitia sharti. Wakala huo na uwe mlango mmoja mahali pa milango mingi. Ukiwa mlango wa tano, heri usiundwe.

Maana milango iliyopo yatosha kumpoteza mtu mzima, sembuse mtoto. Tufanye mfano. Binti wa miaka 13 ametolewa katika kijiji cha walima tumbaku, aje mjini kufanya kazi ya nyumbani. Amepigwa, amekimbia, ameonekana usiku kituo cha basi. Sera za kumlinda zatungwa na Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyotengwa na ile ya Afya Januari 2022. Lakini afisa ustawi wa jamii wa kumpokea ni mtumishi wa halmashauri, na halmashauri zaangaliwa na TAMISEMI. Shauri la kupigwa ni la polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Amri ya kumweka mikononi mwa mlezi mwingine yatoka mahakamani. Kila mmoja ana kazi yake njema. Lakini kukipambazuka, ni nani atakayeulizwa, "Yule mtoto amelala wapi?" Wahenga walisema: Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tuwatazame na jirani zetu. Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2001, waliunda Baraza la Taifa la Huduma za Watoto. Na sheria iyo hiyo iliweka Mkurugenzi wa Huduma za Watoto pamoja na maafisa wake. Baraza lilipewa kusimamia na kushauri. Maafisa walipewa kumwendea mtoto mwenyewe. Basi atakaye kuunda wakala na ajiulize kwanza: ni nani atakayekwenda?

Wako wengine wasiotaka wakala wo wote. Husema, "Ya nyumbani mwa mtu hayaihusu serikali, tangu zamani watoto hulelewa na jamaa zao." Hao twawajibu kwa habari za njia hii yetu. Katika karne ya 19 misafara ilipita hapa Tabora ikitoka Ujiji kwenda Bagamoyo, na miongoni mwa watumwa walikuwamo watoto. Je, hawakuwa na baba na wajomba? Walikuwa nao, lakini nguvu ya jamaa haikutosha. Ilipasa utumwa ukatazwe kwa sheria, ukakatazwa Tanganyika mwaka 1922.

Lakini sheria nayo haina macho ila yetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwagiza kila mtu aliye na habari ya mtoto anayedhulumiwa aipeleke kwa serikali ya mahali pale. Na iko simu ya bure, namba 116. Na sisi je? Ni mara ngapi tumesikia kilio nyuma ya ua wa jirani, tukafunga dirisha, tukasema, "Tusije tukagombana"? Wakala wa namna gani utasikia yale tuliyoyaziba masikio wenyewe?

Kwa hiyo twaomba mambo matatu kabla ya kujengwa jumba na kutundikwa bango. Kwanza, kila kata iwe na afisa wa ustawi, naye awe na chombo cha kumfikisha vijijini. Pili, walezi wa kuaminika, ambao sheria yawatambua, wachaguliwe na kufundishwa mapema, ili mtoto aokolewaye usiku apate kitanda usiku ule ule. Tatu, habari za mtoto ziandikwe katika daftari moja, asije akasimulia aibu yake mara nne kwa watu wanne.

Wakala ukiyaleta hayo, tutaupokea kwa mikono miwili. Usipoyaleta, ofisi zitakuwa zimezidi, naye binti yule angali pale kituoni, akingoja mtu wa kumwuliza jina lake.