Malalamiko ya wiki ya tatu

HOJA YA JUMATANO
Na Mwanaidi Shekue

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akikwambia kozi yake ni mbovu, muulize kwanza yuko wiki ya ngapi. Kwenye kozi zinazofundishwa kwa kutatua matatizo, malalamiko ya mwanzo yanafanana: mhadhiri hafundishi, ada tumelipa halafu tunajifundisha wenyewe, madesa hakuna, na kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, haijulikani kitatoka nini. Wakubwa wa idara wakiyasikia, wapo wanaosema vijana wa siku hizi ni wavivu, na wapo wanaoingiwa na hofu wakarudi kusomesha slaidi. Mimi nasema malalamiko hayo ni ya kweli, ila hayasemi kile wanachodhani yanasema.

Ukikaa kwenye kikao kimoja utaelewa. Watu wanane wamezunguka meza, mmoja mwenyekiti, mwingine anaandika ubaoni. Karatasi waliyopewa ina mistari michache tu: mama wa miaka 26, mimba ya miezi minane, kichwa kinamuuma tangu juzi, miguu na uso vimevimba, anasema anaona vimulimuli. Hakuna mhadhara uliotangulia kuhusu kifafa cha mimba. Mmoja anasema ni malaria. Mwingine anauliza kwa nini uso uvimbe. Wa tatu anataka kujua presha ya mama, anagundua haikuandikwa. Mpaka waiombe ndiyo wapewe. Mkufunzi yupo pembeni, kimya, na ukimya wake ndio unaowaudhi kuliko yote. Wanapomaliza hawana jibu. Wana orodha ya maswali: figo zinafanyaje kazi, kondo la nyuma linahusikaje na presha. Wanagawana, wanakwenda kubukua, siku chache baadaye wanarudi kuelezana.

Kijana aliyefika hapo kwa kukariri majibu ya mitihani ya miaka iliyopita lazima ajione amepotea. Kule sekondari tunahubiri umahiri tangu mtaala wa mwaka 2005, lakini kilichompandisha daraja ni kumbukumbu. Sasa anaambiwa kutojua ndiko mahali pa kuanzia kazi. 

Mbinu hii ya kufundisha kwa kutatua matatizo si ya jana. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kiliianza kwenye udaktari mwaka 1969 na darasa la wanafunzi 20. Maastricht, Uholanzi, wakaichukua mwaka 1974. Kwa jirani zetu, Makerere walihamia huko mwaka 2003, wakaiunganisha na kuwapeleka wanafunzi kukaa na jamii vijijini. Moi, pale Eldoret, walikuwa wametangulia njia hiyo. Kwa hiyo ushahidi wa namna wanafunzi wanavyoipokea upo. Mwaka 1993 zilitoka tathmini mbili kubwa zilizokusanya tafiti za vyuo vya udaktari, na zote zilikuta wanafunzi wa mbinu hii wanazipenda kozi zao zaidi na wanafanya vizuri kidogo mbele ya mgonjwa. Kwenye mitihani ya sayansi za msingi hawakuwashinda wenzao wa mihadhara. Mara nyingine waliachwa nyuma kidogo. Anayeipigia debe mbinu hii bila kulitaja hilo anatuuzia nusu ya bidhaa.

Halafu kuna jambo lililonishangaza zaidi. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walichapisha utafiti wa wanafunzi wa fizikia. Kundi moja lilisikiliza mhadhara uliopangika vizuri, jingine lilitatua maswali kwa vikundi, mada ikiwa ileile. Waliohangaika na maswali walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio. Walipoulizwa wanahisi wamejifunza kiasi gani, wao ndio waliosema wamejifunza kidogo. Mhadhara mzuri unapita kooni kama uji, na msikilizaji anadhani ameelewa kwa sababu hakukwama popote.

Ndiyo maana nasema tusome mtazamo wa mwanafunzi kwa uangalifu. Chuki ya wiki ya tatu ni jasho la mtu anayefikiri. Chuki ya mwaka wa tatu ni kitu kingine kabisa, na hiyo mara nyingi tunaitengeneza wenyewe. Tunaitengeneza tunapoweka watu 40 kwenye kinachoitwa kikundi, wawili wakafanya kazi na waliobaki wakaandika majina. Tunaitengeneza zaidi kwenye mtihani. Muhula mzima umemfundisha mtu kumhoji mgonjwa na kutafuta chanzo, kisha kwenye UE unamwambia ataje sababu tano. Hapo anahesabu haraka: aliyekariri madesa ya kaka zake ana A, yeye aliyeshinda maktaba ana sapu. Kuanzia siku hiyo ataichukia mbinu, ataichukia na kozi, na atakuwa na haki.

Kibaya ni kwamba vyuo vinamuuliza maoni yake wakati mbaya kuliko wote. Fomu ya kumtathmini mhadhiri hujazwa mwisho wa muhula, mtihani ukiwa mlangoni na roho ziko juu. Mhadhiri aliyethubutu kunyamaza mezani anapata alama za chini kuliko aliyesoma slaidi kwa sauti nzuri, na alama hizo zinaingia kwenye faili lake. Muhula unaofuata naye anasoma slaidi. Sipendekezi fomu ifutwe. Napendekeza wanafunzi walewale waulizwe tena baada ya mafunzo kwa vitendo, wakishakaa wodini au kiwandani na kukutana na tatizo ambalo halikuandikwa kwenye slaidi yoyote, na majibu hayo ya pili ndiyo yapelekwe kwa kamati inayompandisha mhadhiri cheo.