Maporomoko: Hatari huwa kubwa zaidi baada ya mlima kushuka

Mji wa Mumias umekaa katika nchi tambarare ya miwa, na mkazi wake anaposikia habari za maporomoko ya ardhi huzihesabu kuwa habari za watu wa milimani. Hata hivyo, ndani ya Kakamega hiyo hiyo, upande wa miinuko ya Nandi, kipo kijiji cha Khuvasali, ambako mnamo Agosti 2007 mlima uliporomoka na kuzifukia nyumba za watu.

Kilichoufanya msiba huo kuwa wa kipekee si poromoko la kwanza. Majirani walipopata habari walifika kwa wingi, wakaanza kuwachimbua waliofukiwa. Wakiwa wamekusanyika hapo, sehemu nyingine ya mlima ikashuka. Baadhi ya waliopoteza maisha siku hiyo ni watu waliokuja kuwaokoa wenzao.

Jambo hilo lina sababu. Udongo wa chini unapoondoka, ule wa juu hubaki bila kitu cha kuuegemea, na maji ya mvua yangali yakiulainisha. Mteremko uliokwisha kuvunjika mara moja, kwa hiyo, usihesabiwe kuwa umetulia, hata mvua ikikatika.

Katika milima ya theluji ya Ulaya na Marekani, kanuni ya kwanza ya wasafiri na waokoaji hutokana na hesabu iyo hiyo. Mahali pa hatari huvukwa na mtu mmoja mmoja huku wenzake wakimtazama kutoka mahali salama. Kundi zima halisimami chini ya mteremko. Huko pia taarifa za hatari hutolewa kwa ngazi tano, zikieleza ni miteremko ipi ya kuepukwa siku hiyo. Nchini Kenya, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa maonyo ya mvua kubwa, lakini onyo linalotaja kaunti nzima halimwambii mkulima kama ni kilima kilicho nyuma ya nyumba yake kitakachoshuka.

Kwa sababu hiyo mwenyeji hulazimika kuusoma mlima mwenyewe. Nyufa mpya ardhini, miti na vikingi vya ua vinavyoanza kuinama, chemchemi inayozuka pasipokuwa na maji: yote hayo ni dalili. Inayosahaulika zaidi ni ile ya mto kupungua ghafla huku mvua ikiendelea. Wengi hufurahi kwamba maji yamepungua, wakavuka. Kumbe huenda huko juu udongo umeziba njia, na kizuizi hicho kikipasuka, matope na mawe hushuka kwa pamoja.

Wasafiri wa magharibi wanaopanda kuelekea Pokot na Marakwet wana haja ya kuyajua hayo. Novemba 2019, maporomoko ya Pokot Magharibi yaliua makumi ya watu, na madaraja kusombwa, hata waokoaji wakashindwa kufika kwa barabara. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, ikawa zamu ya Chesongoch, Marakwet Mashariki, ambako watu zaidi ya 20 walifariki na helikopta zikatumiwa kuwafikia majeruhi. Katika hali kama hiyo, saa nyingi za kwanza hazina mwokoaji mwingine ila jirani mwenye jembe.

Kumkataza jirani huyo asiende ni kazi bure, na pengine ni ukatili. Linalowezekana ni kumweka mtu mmoja mahali palipoinuka, pembeni, mwenye kazi ya kuutazama mlima na kupiga filimbi. Wachimbaji wawe wachache kwa zamu, na kila mmoja ajue atakimbilia upande gani. Anayekimbia kufuata njia ya matope kuteremka hufikiwa. Anayekwenda kando huwa na nafasi ya kupona. Watazamaji waondolewe kabisa. Naibu wa chifu na mzee wa kijiji wanao uwezo wa kuyasimamia hayo, ila ni sharti wafunzwe kabla ya mvua. Magharibi mwa Kenya mvua haiishi Mei. Khuvasali ilianguka Agosti.

Kuwahamisha watu ni suala jingine, tena gumu. Baada ya Nametsi, wilayani Bududa, kufukiwa Machi 1, 2010 pamoja na kituo chake cha afya, serikali ya Uganda iliwapeleka manusura Kiryandongo, mbali na Mlima Elgon. Baadhi yao walirudi. Udongo unaoporomoka ndio huo huo unaostawisha migomba na kahawa.