Chipu ya Mezani Isiende kwa Mteja

Fundi akishamaliza kusaka hitilafu kwenye programu ya kifaa, hushawishika kuifunga bodi ile ile aliyoihangaikia na kumkabidhi mteja. Inafanya kazi, kwa nini anunue nyingine? Sisi tunasema asifanye hivyo.

Chukua ATmega328P, chipu ya Arduino Uno ambayo wanafunzi wengi wa uhandisi huanza nayo. Programu yake hukaa kwenye kumbukumbu ya flashi ya kilobaiti 32. Anayetaka kuisimamisha katikati ili aone kinachoendelea ndani huweka kituo pale anapopatilia shaka. Kwa njia ya debugWIRE, mfumo wa kusakia hitilafu uliomo ndani ya chipu hiyo, kituo hicho ni amri ya BREAK inayoandikwa juu ya amri halisi, ndani ya flashi yenyewe. Nayo flashi haibadilishwi amri moja moja: hufutwa ukurasa mzima, baiti 128, kisha ukaandikwa upya. Unakisogeza kituo mstari mmoja chini kwa kubofya tu, kumbe flashi imeshafutwa na kuandikwa tena.

Flashi hiyo imekadiriwa kuhimili mizunguko 10,000 ya kufutwa na kuandikwa. Ni mingi, na kwa mkono si rahisi kuimaliza. Lakini waraka wa chipu unasema waziwazi kwamba vituo hupunguza uwezo wa flashi kutunza data, na kwamba chipu zilizotumika kutafutia hitilafu zisipelekwe kwa wateja. Anayesema hivyo ndiye aliyeitengeneza.

Kwa vifaa vya betri lipo jambo zito zaidi. debugWIRE haifanyi kazi mpaka fyuzi ya DWEN iwashwe (si fyuzi ya kuungua, ni mpangilio unaohifadhiwa ndani ya chipu). Ikisahauliwa hivyo, sehemu za saa ya chipu huendelea kutembea hata chipu ikiwa imelala. Kifaa cha kupima unyevu wa udongo, kilichokusudiwa kulala muda mwingi na kuamka kidogo tu kutuma kipimo, kitakula betri usiku na mchana. Mkulima atabadilisha betri, atabadilisha tena, kisha atakitupa na kuwaambia majirani kwamba vifaa vinavyotengenezwa hapa nyumbani havifai. Na programu haikuwa na kosa hata moja!

Wapo watakaojibu kwamba wameshahamia chipu za ARM. Ni kweli, Cortex-M3 ina vilinganishi hadi 6 vinavyosimamisha programu bila kugusa flashi. Vikiisha, hata hivyo, baadhi ya vifaa vya kutafutia hitilafu, J-Link kikiwamo, vinaweza kuweka vituo vya ziada ndani ya flashi, na fundi asiyefuatilia hatajua ameanza lini kuiandika.

Karakana na vyuo viliandike hili kwenye taratibu zao. Bodi ya kusakia hitilafu iwekewe alama ya rangi na ibaki mezani. Ya mteja iwe mpya, iandikwe programu iliyokwisha kukamilika, DWEN ikiwa imezimwa, na umeme inaotumia ikiwa imelala upimwe kabla ya kukabidhiwa. Bei ya chipu ya pili iingizwe kwenye makadirio tangu siku ya kwanza ya mapatano.