Olunga Ni Moto, Lakini Safu Kali Zaidi ya Gor Ni ya 1987

Wasee wa 46, huu mjadala wa Gor Mahia gani ilikuwa na washambuliaji wakali zaidi umenichosha. Kila nikipita base jibu ni moja: 2015, Olunga na Kagere, kesi imefungwa. Mimi nasema haijafungwa. Safu kali zaidi K'Ogalo wamewahi kuwa nayo ni ya 1987, na wengi wenu mnaikataa kwa sababu moja tu: haiko kwenye simu zenu.

Na kabla mtu aseme nawabembeleza Gor, mimi ni wa Ingwe. Kwetu jezi ya kijani haipiti mlangoni. Kuwasifu hawa watu kunaniuma kweli.

Tuanze na 2015 kwa haki. Timu ya kocha Frank Nuttall ilimaliza ligi bila kupoteza hata mechi moja, kitu ambacho Gor walikuwa wamefanya mara ya mwisho 1976. Michael Olunga alifunga 19. Kando yake alikuwa Meddie Kagere, jamaa ambaye ukimpa nusu nafasi anaondoka na goli zima. Hiyo ilikuwa sumu, sikatai. Lakini tangu lini kutoshindwa kukawa sifa ya mastraika? Hiyo ni kazi ya kipa na mabeki. Na mfungaji bora wa ligi mwaka huo hata hakuwa wa Gor. Alikuwa Jesse Were wa Tusker, mabao 22. Hapo huwa mnanyamaza.

Halafu kuna ujanja mnafanya bila kujua. Mkisema Olunga, kichwani mnamwona Olunga wa Japani. Yule wa Kashiwa Reysol aliyefunga manane kwa mechi moja Novemba 2019, Kyoto Sanga wakala 13-1. Yule aliyemaliza 2020 na mabao 28 na tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao. Huyo ni mnyama, na tunajivunia. Lakini Gor alikaa msimu mmoja tu, akitoka Thika United, na mapema 2016 alikuwa ashaenda Djurgården huko Uswidi. Sasa nyinyi mnachukua magoli ya Japani mnaongezea Gor. Ni kama kupiga bajeti yako na mshahara wa jirani.

Na Afrika je? Hiyo timu ya 2015 haikufika hata makundi. Mwaka uliofuata, bila Olunga, CNaPS ya Madagaska ikawatoa Ligi ya Mabingwa raundi ya awali kabisa. (Madagaska haohao ndio walitutoa CHAN kwa penalti pale Kasarani, Agosti 2025. Manze, hawa watu tuliwakosea nini?)

Mashabiki wa Arsenal mnapaswa kunielewa haraka. Msimu wa 2003/04 hamkushindwa ligi nzima, lakini Ulaya Chelsea wakawatoa robo fainali. Mpaka leo mnataja Henry, Bergkamp, Pires na Ljungberg bila kupumua. Haya, nitajie washambuliaji wawili wa Gor ya 1987. Wawili tu.

Peter Dawo. Sammy Onyango, yule waliyemwita Jogoo. Hao watu walienda Tunis kucheza na Espérance, fainali ya Kombe la Washindi Afrika, wakatoka 2-2. Marudiano yakawa Kasarani, uwanja mpya kabisa uliofunguliwa mwaka huohuo kwa michezo ya Afrika, ikaisha 1-1. Jumla 3-3, na Gor wakabeba kombe kwa magoli ya ugenini. Piga hiyo hesabu polepole. Mkiwa sare nyumbani na sare ugenini, kombe limeletwa na yale mawili ya Tunis. Hakuna beki anaweza kudai hilo taji. Waarabu wa kaskazini nyakati hizo kwao ulikuwa unaenda kupunguza aibu, hawa wakaenda kufunga. Na ligi ya nyumbani wakachukua pia mwaka huo. Tangu siku hiyo hakuna klabu ya Kenya imewahi kushinda kombe la CAF, na hapo naongeza Ingwe yangu, kwa uchungu.

Wazee wa Kibera kule Woodley watasema nimeruka kizazi cha Allan Thigo. Sijaruka. Najua mpira ulikuwa mtamu. Lakini fainali ya 1979 Canon Yaoundé waliwapiga 2-0 hapa Nairobi na 6-0 kwao. Mabao manane, jibu sufuri. Safu haiwezi kuwa kali zaidi ya zote na fainali haikugusa wavu.

Kinachonikera ni hiki. Mimi kazi yangu ni klipu, najua nguvu yake. Sekunde kumi na muziki mzuri zinafanya straika wa kawaida aonekane Mbappé. 1987 Kenya ilikuwa na stesheni moja ya TV, ya serikali, na hakuna mtu alikuwa na simu ya kurekodi akiwa jukwaani. Kwa hivyo Dawo anaishi zaidi vichwani mwa watu wa miaka hamsini kwenda juu. Hao wakienda, anaenda nao, na sisi tutabaki tukibishana juu ya Ljungberg. Kama kwenu kuna mjomba au mzee wa plot aliyekuwa Kasarani siku hiyo, weka simu irekodi, muulize lile goli la Dawo lilienda aje. Nitumie. Nitaipost hata kama ni ya Gor.

Namba moja 1987, namba mbili 2015. Ya tatu ndiyo tunaweza kugombania. Mimi naipa 2018: Kagere ashaenda Simba, Jacques Tuyisenge amebaki mbele, na bado Yanga wakapigwa 4-0 Kasarani, kisha 3-2 kwao Dar.