Kikapu Kisiondoke Mlangali Bila Jina la Msukaji

Ndugu zangu wa Mlangali, Njombe na Makambako, nanyi wasafiri mnaopita kwetu mkielekea Songea au Mbeya: kabla hamjanunua kikapu kingine, ulizeni kimesukwa na nani.

Kusuka si jambo geni kwetu. Mianzi inayotupa ulanzi ndiyo pia inayochanwa ikawa ungo, tenga la nyanya na kihenge cha mahindi. Jirani zetu wa Iringa husuka milulu, majani marefu ya mabondeni, na vikapu vyao vimefika hadi maduka ya Ulaya na Marekani. Huko vinajulikana kuwa ni vikapu vya Iringa. Jina la mkoa limesafiri, la mama aliyesuka limebaki kijijini.

Na kazi yake si ndogo. Milulu ikishakatwa huanikwa juani hadi ikauke, kisha hutiwa maji kidogo isije ikakatika inapokunjwa. Msukaji huanzia kitakoni. Nyuzi mbili huzunguka, moja ikipita mbele na nyingine nyuma ya kila jani lililosimama wima, zikipokezana hadi juu. Akitaka mapambo ya rangi huhesabu kichwani, maana hana mchoro wa kuangalia. Akilegeza mkono kwa mzunguko mmoja tu, ukingo unapinda na kila mtu ataona. Hayo yote huyafanya akishatoka shamba na chakula cha jioni kikiwa jikoni. Halafu tunafika sisi na kumwambia, "Mama, punguza, si majani tu?"

Wenzetu Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, wamepitia njia hiyohiyo ya kazi kusafiri bila jina la fundi. Mwaka 1864 jeshi liliwaswaga kwa miguu, mamia ya kilomita, hadi kambi ya Bosque Redondo, na hawakuruhusiwa kurudi kwao hadi 1868. Hata hivyo ufumaji wao wa sufu haukufa. Wazee wao husimulia kwamba walifundishwa na Mwanamke Buibui, na mpaka leo mama humrithisha binti kwenye kitanda cha kufumia kilichosimama wima. Lakini mazulia yao mengi ya zamani yamo katika makumbusho bila jina la aliyeyafuma, na soko likajaa ya kuigiza. Mwaka 1990 sheria ya Marekani ikapiga marufuku kuuza bidhaa kwa kudanganya kwamba imetengenezwa na wenyeji wa asili. Walichogundua ni hiki: kazi isiyo na jina huigwa kwa urahisi na hulipwa kidogo. Na kazi inayolipa kidogo, kijana gani atajifunza?

Kwa hiyo nawaomba haya.

Mnunuzi, lipa bei inayolingana na siku zilizotumika. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, kikapu kizuri si pambo tena. Ni chombo cha kwenda nacho sokoni kwa miaka.

Muuzaji, funga kikaratasi mpinini: jina la msukaji na kijiji chake. Gharama yake haifiki hata ya soda.

Mzazi, likizo ijayo mpeleke mwanao, wa kike kwa wa kiume, akakae na bibi au babu anayejua kusuka. Mwalimu, elimu ya amali inayohimizwa sasa shuleni inaweza kuanza na fundi wa hapo kijijini.

Wasukaji, jiungeni katika vikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Muoneni ofisa maendeleo ya jamii wa kata, awaelekeze namna ya kuomba.

Nanyi wakulima wa vinyungu, msilime bonde lote hadi kwenye maji. Acheni ukanda wa majani ya asili. Milulu ikitoweka, ujuzi hautakuwa na cha kushika.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi tuanze kuwatunza wetu, na hatua ya kwanza haihitaji kikao wala bajeti: siku ya gulio uliza jina la msukaji, mlipe inavyostahili, na popote utakapokipeleka kikapu hicho, mtaje.