Mastaa Acheni Kulialia: Kamera ya Siena Haijui Kama Wewe Ni Staa

Staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, anatrendi wiki hii. Si kwa wimbo mpya wala penzi jipya, ni kwa barua. Alikwenda fungate Italia, akakodi gari la wazi, akajirekodi akikatiza vichochoro vya Siena. Mapicha kibao, laiki za kumwaga. Miezi imepita, bahasha za faini zimetua, na sasa anawaambia wafuasi wake kwamba Waitaliano ni matapeli na wabaguzi, wamemkamua kwa sababu ni Mwafrika.

Hapo ndipo anapozingua.

Siena ni mji wa kale juu ya vilima, uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1995. Magari yalianza kuzuiwa katikati ya mji huo miaka ya 1960. Njia zake ni za enzi za punda na miguu. Leo miji mingi ya Italia ina eneo linaloitwa ZTL, ambako gari haliingii bila kibali. Mlangoni kuna duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na kamera inayosoma namba za gari. Hakuna trafiki wa kumpa hela ya soda. Kamera haioni sura wala rangi, inaona namba. Wamarekani na Wajerumani wanalipa, hata Waitaliano wa miji mingine wanalipa.

Na faini yenyewe si ya kitoto. Inaanzia euro 83, zaidi ya laki mbili za Kitanzania, bado gharama za kuituma. Kampuni ya kukodisha gari nayo inakata ada yake kwa kuwapa tu polisi jina lako. Wengi wakikatwa hiyo wanadhani yameisha, kumbe faini iko njiani. Kwa anayeishi nje ya Italia, sheria inaruhusu itumwe hadi siku 360 baadaye. Kwa hiyo barua kuchelewa si utapeli, ndiyo utaratibu.

Haki yake apewe: kuna pa kulalamika. Taa za mlangoni zikiandika "varco attivo", mgeni anadhani njia iko wazi, kumbe maana yake kizuizi kinafanya kazi, usiingie. Ramani ya simu nayo inaweza kukupitisha hapo bila kukuonya. Angeposti hayo, angewasaidia watu. Lakini hayo hayana kiki.

Ubaguzi ndio una kiki, na ndiyo sababu posti ile inaudhi. Kuna Waafrika Ulaya wanaonyimwa nyumba na kazi kwa sababu ya ngozi yao. Ukiita faini ya gari ubaguzi, siku wao wakisema ya kweli wataambiwa wanalialia kama yule staa.

Kisha kuna wafuasi. Kijana anayedunduliza mshahara miaka miwili ampeleke mkewe fungate atakopi safari ile ile, kichochoro kile kile. Staa ana sponsa wa kumlipia. Kijana hana.

Wanaomtetea wanasema hoteli ilikuwa ndani ya mji. Sawa, ila hoteli za ndani huweza kupeleka namba ya gari la mgeni kwa wahusika ili aruhusiwe kufika kushusha mizigo. Unachotakiwa ni kuuliza kabla. Na asiyelala ndani ana pa kupaki nje. Siena ina maegesho chini ya kilima na ngazi za umeme za kukupandisha. Perugia ngazi hizo zinapita ndani ya ngome ya kale tangu 1983. Mistari ya buluu unalipia, nyeupe kwa kawaida ni bure, ya njano ni ya wenye ruhusa maalumu. Ni hayo tu.

Mastaa hawa hawa wakitua Lamu wanapiga picha na punda na kuandika "tulinde urithi wetu". Vichochoro vya Lamu ni vya miguu na punda, na hakuna anayelia kwamba kabaguliwa kwa kukosa pa kupita na gari. Urithi wa wenzetu nao una wenyewe. Kuna bibi wa Siena anarudi na mfuko wake wa mboga, na anajibana ukutani ili gari la wazi lipite, mtu apate video.

Staa alipe. Akilipa ndani ya siku 5 tangu barua imfikie anapunguziwa asilimia 30. Kisha aposti tena, safari hii awaambie wafuasi wake lile duara jekundu lina maana gani. Hiyo nayo ni kontenti.

Wadau, anaonewa au kayataka? Dondosheni komenti.